Pale Asilimia 40 Inapogeuka Kuwa "Ukame"

Utabiri wa mvua za msimu hutoka kwa wataalamu ukiwa na namba tatu, na mara nyingi humfikia mkulima ukiwa umebaki na neno moja. Nimekuwa mfuatiliaji wa vipindi vya kilimo redioni, wa majarida ya wakulima na wa kurasa zao za mtandaoni kwa muda mrefu, na kadiri ninavyofuatilia ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kasoro kubwa ya mawasiliano kuhusu ukame haitokani na uhaba wa taarifa, kama inavyorudiwa katika kila warsha, bali inatokana na hizo namba zinazopotea njiani.

Tuanze na namba zenyewe, kwa sababu bila kuzielewa mjadala wote unakosa pa kusimama. Kituo cha hali ya hewa huchukua rekodi za mvua za eneo fulani, kwa kawaida za miaka 30, na kuzipanga kuanzia msimu uliokuwa mkavu kuliko yote hadi ule uliopata mvua nyingi kuliko yote. Kisha huzigawa katika mafungu matatu yanayolingana: misimu kumi ya chini ya wastani, kumi ya wastani na kumi ya juu ya wastani. Kabla ya kujua lolote kuhusu joto la bahari au mwenendo wa pepo, kila fungu lina nafasi sawa ya kutokea, yaani takriban asilimia 33. Kazi ya mtabiri ni kueleza mizani hiyo imeelemea upande gani safari hii na kwa kiasi gani. Akitangaza asilimia 40 chini ya wastani, 35 wastani na 25 juu ya wastani, anachosema ni kwamba upande wa ukavu umeongezewa uzito kidogo. Hajasema kwamba ukame unakuja. Kwa namba hizohizo, uwezekano wa mvua kuwa za wastani au zaidi ni asilimia 60.

Sasa namba hizo zinapoingia chumba cha habari, mwandishi ana dakika mbili za hewani, na mhariri anataka kichwa cha habari kitakachomfanya msomaji asipite. Taarifa ya wataalamu yenyewe imeandikwa kwa lugha ambayo hata mwandishi hakuifahamu vizuri. Kinachotoka ni "Wakulima watahadharishwa kuhusu ukame". Ukimhoji kila mmoja aliyeigusa habari hiyo hutampata aliyesema uongo, kwani mtabiri alitaja upungufu wa mvua, mwandishi akafupisha, na mhariri akanoa. Baada ya siku mbili habari hiyohiyo inazunguka katika makundi ya simu ikisema kwamba mwaka huu mvua hakuna.

Hata hilo fungu la "chini ya wastani" linahitaji kufafanuliwa mahali kwa mahali, jambo ambalo vyombo vingi haviligusi kabisa. Mahindi huhitaji takriban milimita 500 hadi 800 za maji tangu kupandwa hadi kukomaa. Kwenye eneo ambalo msimu wa kawaida huleta milimita 900, msimu wa milimita 750 unahesabiwa kuwa chini ya wastani, lakini mkulima anaweza kuvuna vizuri tu. Kwenye eneo la milimita 450, msimu ulio katika fungu la wastani unaweza kumwangusha aliyepanda mbegu ya muda mrefu. Tangazo moja likisomwa kwa wakulima wa maeneo yote mawili, wa kwanza anatishwa bure na wa pili anafarijiwa bure.

Tena jumla ya mvua si habari yote. Mwaka 1985, watafiti Donald Wilhite na Michael Glantz walichambua namna ukame unavyoelezwa na wataalamu mbalimbali, wakaupanga katika makundi manne: ukame wa mvua yenyewe, ukame wa kilimo unaohusu unyevu unaoifikia mizizi, ukame wa mito na mabwawa, na ukame unaoonekana katika uchumi na maisha ya watu. Mkulima wa kutegemea mvua anaishi hasa katika kundi la pili. Shamba linaweza kupata milimita zake zote za msimu na bado likatoa mabua matupu, kwa sababu mvua zilikatika kwa wiki tatu wakati mahindi yanachanua na kutoa ndevu, zikarudi kwa fujo wakati hazina tena msaada. Maswali ambayo mkulima anayo kichwani ni lini mvua zitaanza kwa uhakika, kama kutakuwa na vipindi virefu vya ukavu katikati, na zitakoma lini. Nimesoma makala nyingi zinazoonya kuhusu ukame kwa aya kumi na mbili bila kugusa hata moja kati ya hayo matatu.

Madhara ya kuuondoa uwezekano na kubakiza onyo tupu yamewahi kuonekana. Msimu wa 1997/98 dunia ilikuwa na El Niño, yaani kupanda kwa joto la maji ya Bahari ya Pasifiki katika tropiki kunakovuruga mvua sehemu nyingi za dunia, iliyokuwa miongoni mwa zilizo kali zaidi katika karne ya ishirini, na kusini mwa Afrika ilitazamiwa kuleta ukame. Nchini Zimbabwe habari zilizowafikia watu zilikuwa na uhakika mkubwa kuliko utabiri uliozizaa. Mikopo ya kilimo ilibanwa, na wakulima wakapunguza eneo la kupanda. Mvua za msimu huo, kwa sehemu kubwa, zikaja karibu na kawaida. Mavuno yaliyokosekana hayakukosekana kwa sababu ya mbingu peke yake; sehemu yake ilitokana na namna taarifa ilivyosomwa na walioshika fedha. Jambo hili huwa halitajwi vya kutosha: benki, wauza mbegu na serikali nao husikiliza redio, na mkulima ambaye hakuamini utabiri anaweza kubanwa na uamuzi wa mtu aliyeuamini kupita kiasi.

Mfano wa karibuni zaidi unatoka Australia, nchi yenye utamaduni mkongwe wa habari za kilimo, ambako kipindi cha redio cha ABC, shirika la utangazaji la taifa, kiitwacho Country Hour kimekuwa hewani tangu 1945. Tarehe 19 Septemba 2023 idara ya hali ya hewa ya huko ilitangaza kuwa El Niño imeanza. Tangazo hilo lilieleza hali ya Bahari ya Pasifiki na anga lake, lakini kwa watu wengi lilipokelewa kama hukumu ya ukame. Wafugaji wengi walipunguza mifugo wakiogopa kukosa malisho, na bei za ng'ombe na kondoo zikaporomoka. Kisha kuanzia Novemba mvua zikanyesha kwa wingi upande wa mashariki, na lawama zikaiangukia idara ile. Ukizitazama rekodi kwa makini, lawama hizo zilipita kipimo, kwa kuwa Agosti hadi Oktoba ya mwaka huo ilikuwa miezi mitatu mfululizo yenye mvua kidogo kuliko yote tangu 1900 nchini humo. Ukavu ulikuja kweli. Kilichokosekana ni mtu wa kumweleza mfugaji, kwa utulivu na kwa kurudiarudia, kwamba El Niño huongeza uwezekano wa ukavu bila kuufanya kuwa lazima, na kwamba hali ya majira ya kuchipua ya kule, Septemba hadi Novemba, haitoi ahadi juu ya majira ya joto yanayofuata.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu kuna hesabu ndogo ambayo vyombo vya habari vya kilimo vingeweza kuifundisha na karibu havifanyi hivyo. Chukulia hatua ya kujikinga inayomgharimu mkulima kumi na kumwokoa na hasara ya mia. Hatua hiyo inafaa kuchukuliwa hata kama uwezekano wa ukame ni asilimia 15 tu, kwa kuwa asilimia 15 ya mia ni kumi na tano, zaidi ya ile kumi. Chukulia nyingine inayomgharimu sitini ili kumwokoa na hasara ileile ya mia: kwa uwezekano wa asilimia 40, hiyo haifai, kwa kuwa arobaini ni pungufu ya sitini. Kwa hiyo utabiri mmoja, siku moja, katika kijiji kimoja, unaweza kumtaka mtu abadilishe sehemu ya mbegu yake kwa ile inayokomaa mapema na avune maji ya mvua za kwanza, na papo hapo ukamtaka asiuze mifugo yake ya uzazi, kwa sababu hiyo ya pili ni hatua ghali isiyorudishika kwa urahisi. Kichwa cha habari kinachosema "jiandaeni na ukame" hakimsaidii katika uamuzi wowote kati ya hiyo miwili. Kinamsukuma achukue hatua zote au asichukue hata moja.

Wapo wanaojitetea kwa kusema kwamba mkulima wa kawaida hawezi kuelewa asilimia. Hoja hii huniudhi, na ushahidi uliopo hauiungi mkono. Mwaka 2005 mwanasaikolojia Gerd Gigerenzer na wenzake walichapisha utafiti uliowauliza wakazi wa Amsterdam, Athens, Berlin, Milan na New York maana ya maneno "uwezekano wa asilimia 30 wa mvua kesho". Ni New York peke yake ambako wengi walitoa maana inayokusudiwa na wataalamu, yaani kwamba katika siku zinazofanana na hiyo ya kesho, mvua hunyesha katika asilimia 30 yake. Wengine walidhani itanyesha kwa asilimia 30 ya muda au ya eneo. Hao walikuwa watu wa miji mikubwa, wenye shule na magazeti. Kwa upande mwingine, utafiti wa Anthony Patt, Pablo Suarez na Chiedza Gwata uliofanyika Zimbabwe na kuchapishwa mwaka huohuo wa 2005, ulionyesha kwamba wakulima wadogo waliohudhuria warsha za kujadili utabiri walikuwa na mwelekeo mkubwa zaidi wa kuutumia mashambani kuliko waliousikia kwa njia nyingine, na walioutumia walipata mavuno bora. Kilicholeta tofauti ni nafasi ya kuuliza, kubishana na kulinganisha na misimu wanayoikumbuka wenyewe.

Namba zikisemwa kwa njia inayoeleweka hazimpi taabu mtu aliyezoea kuhesabu magunia. Zile 40, 35 na 25 zinaweza kusomwa redioni hivi: "Kama tungekuwa na misimu 20 yenye dalili kama za sasa, tungetazamia minane iwe ya mvua haba, saba iwe ya kawaida na mitano iwe ya mvua nyingi. Msimu huu ni mmoja wa hiyo 20, na hakuna anayejua ni upi. Mvua haba kwa wilaya yetu ni kama zile mlizopata katika miaka tutakayoitaja sasa." Kisha mtangazaji ataje miaka halisi kutoka kwenye rekodi ya kituo cha karibu, na kila msikilizaji aikumbuke kwa namna yake, mmoja kwa mavuno aliyopata, mwingine kwa kisima kilichokauka. Maelezo hayo yanasomeka kwa chini ya dakika moja. Njia zenye mwelekeo kama huu zipo tayari. Mojawapo ni ile iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, iitwayo PICSA, ambayo huwakalisha wakulima na grafu za mvua za eneo lao wenyewe ili wahesabu ni mara ngapi zao fulani lingepata maji ya kutosha.

Nchini Mali, Afrika Magharibi, walianza mapema zaidi. Kuanzia 1982 idara ya hali ya hewa ya nchi hiyo ilishirikiana na wakulima kwa kuwapa vipimamvua rahisi, majedwali yanayoonyesha ni kiasi gani cha mvua kinatosha kupanda zao gani na kwa tarehe ipi, pamoja na taarifa za kila siku kumi zinazosomwa redioni kwa lugha za wenyeji. Ninachokipenda katika mpango ule ni kwamba redio haikuwa inamtangazia mkulima tu. Yeye mwenyewe alikuwa na chombo shambani kinachomwonyesha milimita ngapi zimeshuka, hivyo alichosikia alikilinganisha na alichokipima.

Kinyume chake kilionekana Ceará, kaskazini mashariki mwa Brazil, ambako serikali ya jimbo iliwahi kufungamanisha ugawaji wa mbegu kwa wakulima na uamuzi wa taasisi yake ya hali ya hewa, FUNCEME, kuhusu wakati unaofaa kupanda. Mkulima aliyeona udongo wake umelowa alilazimika kusubiri mbegu kutoka kwa watu waliokuwa wakitazama ramani, na uhasama uliotokana na hapo ulidumu. Katika jimbo hilohilo, huko Quixadá, tangu 1997 kumekuwa na mkutano wa kila Januari wa wazee wanaobashiri mvua kwa kutazama mchwa, miti, ndege na nyota, na waandishi wa habari hufurika. Sisemi kwamba mchwa anaijua Pasifiki kuliko setilaiti. Ninachosema ni kwamba mzee wa Quixadá anasimama mbele ya watu wanaomfahamu, anaeleza alichokiona, na mwaka unaofuata anarudi mahali palepale. Taasisi chache hufanya hivyo.

Jina El Niño lenyewe limekuwa tatizo katika zama hizi za habari kuvuka mipaka kwa kubofya tu. El Niño inayokausha kusini mwa Afrika ndiyo mara nyingi huongeza mvua za mwisho wa mwaka Afrika Mashariki. Mwaka 2023 na 2024 hali hiyo ilionekana wazi: Afrika Mashariki ilikumbwa na mafuriko mwishoni mwa 2023, wakati Zambia, Malawi na Zimbabwe zilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa kati ya Februari na Aprili 2024. Makala isiyotaja inazungumzia eneo gani na miezi gani ni bora isichapishwe.

Kuhusu picha nitasema kwa kifupi: ardhi iliyopasuka na mzoga wa ng'ombe. Zinapatikana kirahisi na zimechosha. Picha hizo huonyesha mwisho wa ukame, wakati ambapo hakuna tena la kuamua, ilhali onyo linamhusu mtu ambaye shamba lake bado ni la kijani.

Kuna jambo jingine ambalo wenye vyombo hawapendi lizungumzwe, nalo ni matangazo ya biashara. Majarida mengi ya kilimo huishi kwa fedha za wauza mbegu, mbolea, dawa na mitambo, na sidhani kuna mwovu anayekaa kupanga kumpotosha mkulima. Hata hivyo, ukisoma ushauri unaoambatana na habari za ukame utaona umeelemea vitu vinavyonunuliwa: mbegu mpya, pampu, tangi, kifaa cha kumwagilia kwa matone. Kufunika udongo kwa mabaki ya mazao, kupalilia mapema ili magugu yasinywe unyevu, kuchimba mashimo ya kupandia yanayokusanya maji, kugawa shamba katika tarehe mbili au tatu za kupanda, hayo hayana mdhamini, na nafasi yake ni ya aya ya mwisho kama yamebahatika kutajwa.

Suala la mabadiliko ya tabianchi linashughulikiwa kwa tofauti kubwa kati ya sehemu na sehemu. Nchini Marekani, utafiti wa 2012 uliohoji wakulima karibu 5,000 wa ukanda wa mahindi uligundua kwamba theluthi mbili hivi walikubali kuwa tabianchi inabadilika, lakini asilimia 8 tu waliona kwamba chanzo kikuu ni shughuli za binadamu. Si ajabu kwamba vyombo vingi vinavyowaandikia wakulima wa namna hiyo huchagua kuzungumzia "hali mbaya ya hewa" na "usimamizi wa hatari", wakikwepa kuwaudhi wasomaji wao. Kwa onyo la msimu mmoja naona hilo halina ubaya. Mtu anaweza kujikinga na ukame bila kwanza kukubaliana nawe juu ya chanzo chake. Tatizo linakuja kwa maamuzi ya miaka 20 au 30, kama vile kupanda miti ya matunda, kuchimba bwawa au kukopa kwa ajili ya mfumo wa umwagiliaji, kwa sababu hapo mwenendo wa muda mrefu ndio habari yenyewe, na kuuficha ni kumwacha mkulima apange mustakabali kwa wastani wa zamani. Kosa la upande wa pili ni kuhusisha kila wiki mbili za jua na mabadiliko ya tabianchi, kana kwamba ukame haukuwapo kabla ya viwanda, hadi msikilizaji anabaki na hisia kwamba mambo yote yako juu ya uwezo wake.

Ramani ya ukame ya Marekani, U.S. Drought Monitor, ambayo hutolewa kila Alhamisi tangu 1999, ina sifa moja ninayotamani ingeigwa: imezoeleka. Hutoka wiki za ukame na wiki za mvua, kwa ngazi zilezile kuanzia D0, ya ukavu usio wa kawaida, hadi D4, ya ukame mkali kuliko wote, na misaada fulani ya serikali kwa wafugaji hufuata ngazi hizo. Msomaji wa jarida la kilimo huiona hata wakati hana shida nayo, kwa hiyo siku shida inapofika hahitaji kufundishwa namna ya kuisoma. Ina kasoro zake, na waandishi wengi huitumia kana kwamba inatabiri, wakati inaeleza hali iliyopo. Lakini mazoea hayo yanaziba pengo ambalo Wilhite alilieleza kama mzunguko usio na mantiki: mvua zikija watu husahau, ukavu ukianza hushtuka, ukikomaa huingiwa na hofu, kisha mvua hurudi na kila kitu huwekwa kando. Vyombo vya habari huuzungusha mzunguko huo kwa bidii kuliko mtu yeyote.

Ningeanza marekebisho na kipindi kimoja tu, cha baada ya mavuno. Mtangazaji aweke mezani utabiri uliosomwa kabla ya msimu, wenye namba zake zote tatu, na kando yake milimita zilizopimwa na kituo cha karibu, tarehe mvua zilipoanza na urefu wa kipindi kirefu zaidi cha ukavu. Mtaalamu wa hali ya hewa awepo, na simu ziwe wazi. Matokeo ya kila msimu yaandikwe katika jedwali moja linalobaki kwenye ukurasa wa kituo, ili baada ya miaka kadhaa yeyote aweze kuhesabu kama misimu iliyopewa asilimia 40 ya mvua haba ilikuwa haba kwa takriban mara nne katika kila kumi. Kipindi kama hicho hakihitaji vifaa vipya wala mafunzo ya gharama, na rekodi zake nyingi tayari zimo katika makabati ya idara za hali ya hewa. Kinahitaji nusu saa ya hewani katika miezi ambayo habari za mvua hazina mdhamini.